Bic Ilikuwa Chini

Kijiwe chetu kiko Nchelenge, kando ya barabara ya kwenda soko la Kashikishi: ubao wa mashua iliyovunjika uliolazwa juu ya matofali, thermos mbili za mama Jeanine, karai la vitumbua, na kibanda cha kuchaji simu ambacho kivuli chake hututosha mpaka saa tano. Wakaaji wake ni sisi Wakongo tunaovusha samaki, unga na nguo kati ya hapa na Kilwa, ng'ambo ya ziwa Mweru. Mimi ni katibu wa comité yetu, yaani kamati ya wavushaji. Jina langu ni Constantin, ila hapa naitwa Virgule, yaani mkato, eti kwa sababu naandika polepole na kupumzika kila baada ya neno la pili. Tena mimi ni mwoga. Nalisema mapema ili mtu asije akanitegemea huko mbele.

Alhamisi hiyo nilikuwa nimepakata tablette tatu, zile kompyuta bapa za mkononi, zilizofungwa kwenye kitenge. Stéphane, mfanyabiashara wa Kilwa, alituachia wiki moja tuzijaribu mikutanoni: tuchague moja ya kuandikia, mbili azirudishe. Mashua yake ilikuwa ifike adhuhuri. Kuchagua kitu kipya ni raha, na Jumatatu tuligombana kwa raha kweli kweli. Alhamisi hakuna aliyekuwa na raha. Mwisho wa ubao alikaa mama Mujinga, mkimbizi wa makazi ya Mantapala anayeuza dagaa wakavu, wale tunaowaita chisense, na kahawa yake ilikuwa imepoa bila kuguswa.

Aliyeanza ni Hippolyte, mwenye kibanda cha kuchaji, tunayemwita Ingénieur.

Ingénieur — Tuende pole pole, na akili. Tusahau kwanza maneno ya mardi. Mutu anachagua tablette juu ya kazi yake. Kazi yetu ni nini?

Guylain hakutaka kusahau kitu cha Jumanne hiyo. Tunamwita Douane kwa kuwa humchunguza kila apitaye kuliko watu wa forodha wenyewe.

Douane — Kazi yetu ni kubaki bazima.

Ingénieur — Kazi yetu ni kuandika réunion. Hii ya kwanza, hii kadogo, batterie inakaa siku mbili. Mais ku jua écran inakuwa nyeusi, hauone kitu.

Jeanine — Na mukono ya samaki haiisikie. Niligusa, niligusa, kama mutu anagonga ku nyumba haina batu.

Ingénieur — Ya pili, hii ya kalamu yake. Unaandika na mukono kama mu cahier, yenyewe inachunga maandiko. Hata secrétaire wetu na ile mwendo yake, itamungojea.

Mimi — Ile ni nzuri.

Ingénieur — Ni nzuri kabisa. Ingekuwa maneno ya kazi tu, tungesema ile, tumalize, tukunywe kahawa.

Iliyobaki ilikuwa ya tatu.

Ya tatu ni kubwa, nyeusi, na haina haja ya mwandishi. Unaiweka mezani, unagusa alama ya kipaza sauti, watu wanaongea, yenyewe inaandika. Mimi ndiye niliyeipenda. Mtu mwenye mkono kama wangu akipata kitu cha kumwandikia, haulizi maswali mengi.

Sasa nieleze desturi yetu, maana bila hiyo hofu yetu mtaiona ya kipuuzi. Watu waliokimbia na watu wanaovuka wana maneno ambayo hayafai kukaa kwenye karatasi: nani alipita wapi, nani aliacha nani, jina gani lilibaki ng'ambo. Mtu akiwa na neno la namna hiyo mkutanoni, anasema "bic chini". Katibu anailaza bic, yaani kalamu yake ya wino, mezani, mahali kila mtu anaiona, anaweka mikono magotini. Yanayosemwa hapo hayaandikwi na hayatoki mlangoni. Akimaliza, mwenyekiti anasema "bic juu", tunarudi kwenye bei ya barafu. Tangu comité ianze hakuna neno lililotoka.

Jumanne, kwenye mkutano wetu kanisani, mama Mujinga alisema bic chini. Alisema amemwona hapa mtu aliyewaongoza waliochoma kijiji chao, mtu aliyemtoa mume wake nyumbani, na mume hakurudi. Sasa ni mbeba mizigo bandarini, ana jina jipya. Mama Mujinga alilitaja la zamani na la sasa. Halafu akaomba wamama wawili wa Mantapala wawe wanamsindikiza jioni akishuka kwenye camion, lori linalompeleka makazini, na ili waelewe njia, akataja bloc yake, upande wa pompe ya maji, nyumba ya ngapi, na kwamba analala na watoto wake tu.

Mimi nilifanya kama desturi inavyotaka. Bic nilikuwa nayo mkononi kwa mazoea, maana daftari sikuja nalo. Nikailaza mezani vizuri, kando ya tablette ile nyeusi niliyokuwa nimeiwasha ituandikie mkutano. Mikono magotini. Watu ishirini waliitazama bic, wakaridhika. Hakuna aliyeitazama tablette, hata mimi. Baada ya sala ya kufunga nilikuta kioo cheusi, betri imekwisha. Ilikwisha kabla ya maneno yake au baada yake, sijui. Tangu siku hiyo nikifumba macho naiona bic.

Douane — Jana uliichaji. Ilisema nini?

Ingénieur — Iliwaka, ikaomba numéro ya siri. Stéphane aliifungua yeye mwenyewe mbele ya kutuachia. Ikizimika inajifunga. Numéro iko mu kichwa yake.

Mimi — Basi kama haifunguke, hakuna mutu anaweza sikia.

Ingénieur — Yeye ataifungua. Ni ya kwake.

Jeanine — Stéphane haiko mutu mubaya.

Douane — Nani alisema ni mubaya? Mizigo ya Stéphane, nani anaishushaka?

Mizigo ya Stéphane hushushwa na yule mtu. Jina lake silitaji hapa, wala la zamani wala jipya.

Jeanine — Basi tuchague ile nyeusi, tuibakishe. Ya kalamu aende nayo.

Ingénieur — Kuibakisha ni lazima aifungue, ndiyo tuitumikishe. Ataifungua pale ku mashua, na ule mutu pembeni yake anangojea kubeba. Kitu ya kwanza tablette inaonyeshaka ni ile ilikuwa inaandika.

Mimi — Mais haijue Kiswahili yetu. Lundi iliandika bintu ya ovyo.

Ingénieur — Maandiko ni ya ovyo. Sauti inabaki mule, nzima, vile alisema.

Mama Mujinga aliuvuta mtandio wake mpaka mdomoni. Nilitamani Ingénieur anyamaze, na wakati huohuo nilitaka aendelee, maana mtu mwenye hofu anapenda kuambiwa yote.

Douane — Na munasahau réseau, mtandao. Ile nyeusi iko na SIM ya ngambo. Pale ku kanisa tulifanya réunion, ni karibu na mayi. Telefone yangu ikifika pale inaniambiaka karibu Congo, na miye nimekaa ku kiti ya Zambia. Réseau ya ngambo inapendaka mayi. Neno ilitoka mu kinywa ya mama, ikapita ku dirisha, ikavuka. Mbele hata ya amen.

Ingénieur — Réseau haiendake vile.

Douane — Inaendaka namna gani?

Ingénieur alikoroga kahawa isiyo na sukari.

Ingénieur — Compte. Zote tatu ziko na compte moja, ni kusema akaunti, ya Stéphane. Ile inaandikwa mu moja, inaweza tokea mu telefone yake. Pengine mardi ile ile, eko anakula, neno ikamufikia ku meza.

Jeanine — Kumbe hata hii ya kalamu inaweza kuwa nayo?

Ingénieur — Inawezekana.

Nikazitoa tablette zote magotini, nikaziweka chini ya ubao, mbali kidogo na miguu yangu.

Douane — Na sura. Ile tundu ya juu ni jicho. Tangu lundi ninaipitia ku upande. Unajua juu ya nini nilikuambia uzifunge na kitenge?

Mimi — Ulisema juu ya vumbi.

Douane — Vumbi ni ya kusema mbele ya batu.

Ingénieur — Sauti ni mubaya kupita sura. Sasa inajua sauti ya mama Mujinga. Kesho akiita mu soko, chisense, chisense, telefone yoyote iko karibu itasema, ni yeye.

Jeanine — Telefone ya nani?

Ingénieur — Yoyote. Zinasikilizanaka.

Douane — Basi abadilishe sauti. Ao aongee Kibemba tu.

Jeanine — Kibemba na sauti ile ile?

Douane — Aongee na pua.

Tulicheka. Kilikuwa kicheko kibaya, cha juu juu, na tulikiacha upesi kwa sababu mama Mujinga hakucheka. Ndipo alipoongea, kwa sauti ambayo ilibidi tuinamie kuisikia.

Mujinga — Miye sijue maneno ya compte. Ninajua jana sikulala. Nilikaa ku mulango na muti ya kutwangia, batoto nyuma yangu. Hata kuzi, ile mardi, sikulala.

Tulitikisa vichwa. Tukasema pole, mama, pole sana. Kisha Douane akachungulia chini ya ubao.

Douane — Tuitupe mu ziwa. Tuifunge na jiwe.

Ingénieur — Stéphane atafungua telefone yake, ataona ka point kanawaka mu mayi. Ataita bavuvi baivute.

Jeanine — Tuipike.

Ingénieur — Nini, mama?

Jeanine — Mu mafuta ya vitumbua. Iko moto. Kitu ikiingia mule, haisikie tena.

Mimi — Na Stéphane tutamuambia nini?

Jeanine — Ilianguka.

Ingénieur — Ilianguka mu mafuta? Ataanza kujiuliza ilisikia siri gani mpaka batu bakaipika.

Douane — Tunaweza sema ni mwizi.

Ingénieur — Halafu polisi baanze kuuliza, baandike majina ya bote, na ya mama iwe ya kwanza.

Hapo Douane alinikanyaga mguu, kwa nguvu, na sikuhitaji kugeuka kujua sababu. Wabeba mizigo walikuwa wanapita kwenda bandarini, sita au saba, magunia matupu mabegani. Mmoja, yule yule aliyetajwa Jumanne, aliwaacha wenzake, akaja moja kwa moja kwenye karai. Ni mtu msafi, wa makamo, shati amelichomekea, sauti ya chini. Ukimkuta kanisani utampisha kiti.

Yule mtu — Bonjour bakubwa. Mama, unipe vitumbua mbili.

Mama Jeanine alivifunga kwenye karatasi, kimoja kikaanguka, akachukua kingine. Yule mtu alisubiri bila haraka. Akakiona kitenge chini ya ubao.

Yule mtu — Secrétaire, ile ndiyo mizigo ya Stéphane? Nibebe kabisa?

Mimi — Bado. Tuko tunachagua.

Yule mtu — Muchague muzuri.

Akauma kitumbua, akatafuna, akageukia mwisho wa ubao.

Yule mtu — Na weye, mama wa Mantapala, jua iko kali. Utarudia na nini?

Mama Mujinga alikuwa anakitazama kikombe chake.

Mujinga — Na camion.

Yule mtu — Ile inaachaka batu mbali na nyumba.

Akaitikia kwa kichwa, kwa adabu, akawafuata wenzake. Tulimtazama mpaka mgongo wake ulipopotea kwenye kona ya wauza nyavu.

Douane — Alisikia. Alisikia yote, mpaka pompe ya mayi.

Jeanine — Kila mutu anajua camion inaachaka batu ku barabara.

Douane — Na Mantapala? Alijua namna gani ni wa Mantapala?

Ingénieur — Kiroba yake. Iko na alama ya misaada, hata miye ninaionaka.

Mama Mujinga alikiinua kiroba chake kutoka chini, akakigeuza mbele, akakigeuza nyuma. Kilikuwa cheupe pande zote mbili, bila alama yoyote.

Inawezekana alimwona siku nyingine akishuka kwenye camion. Inawezekana mtu alimtajia tu, sokoni watu hutajana. Hata salamu yenyewe inaweza kuwa salamu. Haya yote niliyajua palepale, na hata hivyo nilikisukuma kitenge kwa kisigino, ndani zaidi chini ya ubao.

Ingénieur — Basi tuchague haraka. Mashua inaonekana kule. Miye ninasema nyeusi ibaki, mwiko kuirudisha.

Douane — Ikibaki inabaki na sikio. Miye siingie tena mu réunion yenye ile kitu. Tuchukue ya kalamu.

Ingénieur — Na nyeusi iende Kilwa na sauti ya mama ndani?

Douane — Ilishaenda. Ninakuambia ilivuka mardi.

Jeanine — Musipandishe sauti.

Ingénieur — Secrétaire, weye ndiye utaitumikisha. Unasema nini?

Nilisema ya kalamu. Nikasema hapana, nyeusi. Nikasema pengine tumwambie Stéphane tunataka zote tatu, na Ingénieur akaniuliza kwa hela ya nani. Kazi yangu ni kuandika maamuzi ya wengine, na tangu Jumanne nimeelewa kwa nini niliipenda kazi hiyo.

Katikati ya kelele hizo alifika dada mmoja mwenye sare ya zahanati, mgeni kijiweni. Jina lake Febby, Mzambia, ameletwa hapa mwezi huu. Aliomba kahawa kwa Kibemba, mama Jeanine akammiminia, akamsogezea nafasi. Febby akatutazama, akauliza kuna msiba gani. Mama Jeanine akamweleza kwa Kibemba, polepole, bila kutaja jina la mtu: kwamba mama huyu kuna mtu anamtafuta kwa ubaya, kwamba huenda mtu huyo sasa anajua nyumba yake, na kwamba ndiyo maana tunashindwa kuchagua tablette.

Febby aliangalia chini ya ubao, kwenye kitenge. Akauliza tena tablette zinaingiaje hapo. Ingénieur akaanza na compte, Douane akamkatiza na réseau na maji, na mimi nikaongeza habari ya betri. Yule dada alitusikiliza kwa heshima kama dakika mbili hivi, halafu akatuacha tukiendelea. Alimgeukia mama Mujinga, akamsemesha kwa Kiswahili chake kidogo cha kununulia samaki.

Febby — Mama, leo utalala wapi?



Ingénieur alianza kukunja waya wa chaja. Nyuma ya kibanda chake kuna chumba chenye kitanda, alikuwa analala mlinzi, mlinzi amerudi kwao. Douane anaishi peke yake vyumba viwili, alikuwa anatazama ziwa kana kwamba kuna mtu amemwita kutoka huko. Mama Jeanine analala chumba kimoja na ndugu zake watano, huyo simlaumu. Na mimi, mke wangu yuko Kilwa kwa mama yake mpaka mwisho wa mwezi. Nina chumba cha vikapu ambacho hakina vikapu, na mlango wangu una komeo la chuma.

Asubuhi nzima tulikuwa tumetafuta mahali pa kuificha tablette. Ningependa kusema swali la yule dada lilikuwa halijanipitia akilini. Lilinipitia Jumanne usiku, likanipitia tena Jumatano, na mara zote mbili nililifukuza, kwa sababu mama Mujinga akilala kwangu, anayemtafuta atakuja kwangu. Niliogopa. Sina neno lingine la kulipamba.

Mama Mujinga aliinua uso, mara ya kwanza tangu aketi. Hakuomba. Alimtazama Ingénieur, akamtazama Douane, akamtazama mama Jeanine, akimwachia kila mmoja muda wa kutosha kujibu. Mimi nilikuwa wa mwisho. Niliyaona macho yake, mekundu, ya mtu wa siku mbili bila usingizi. Jibu nilikuwa nalo, maneno matatu tu, "kuja kwangu, mama". Nikafungua mdomo.

Mimi — Mama Jeanine, kahawa ingaliko?

Mama Jeanine hakuigusa thermos.

Jeanine — Imeisha, secrétaire.